Vibao vya Dirisha la Magharibi

Majina yao wote ninayo. La mkubwa wa ofisi ninalo, la zamu aliyelinda lango ninalo, la dereva, hata la yule askari aliyekuwa akitafuna muwa pale Karuzi. Sitayaandika. Watoto wao wanaishi, wengine tunakutana sokoni tunasalimiana vizuri, na mambo ya miaka ile ya vita kila mtu ameyafungia mahali pake. Nitasema mume wangu, nitasema mkubwa, nitasema zamu, inatosha.

Mume wangu alikuwa seremala. Tulikaa Magarama, hapa Gitega, na karakana yake ilikuwa uani kwetu, bati tu juu ya nguzo. Nyumba ilijengwa na baba mkwe wangu. Naye alijenga kama walivyojenga wenzake Waislamu wa mtaa ule: kwanza alitandika mkeka wa kusalia ukaelekea kibla, ndipo akavuta kamba ya msingi kuufuata mkeka. Kwa hiyo kwetu mkeka ukitandikwa unalala sawasawa na ukuta. Mgeni akija kusali haulizi kitu, anafuata ukuta tu. Na kwa kuwa Makka iko upande wa kaskazini ukitokea kwetu, sote tulisema ukuta wa mbele unatazama kaskazini na ule wa ubavuni unatazama magharibi. Hakuna aliyebisha, maana nani alikuwa na haja ya kubisha?

Kazi ya Muyinga ililetwa na enjenyeri mmoja aliyekuwa akifundisha kuchora upande wa Mushasha, kijana mpole, akiongea unadhani anaomba msamaha. Wakati ule nchi za jirani zilikuwa zimetufungia mipaka. Mazutu, yaani dizeli, yalikuwa hayaonekani. Na huko Muyinga kulikuwa na ofisi moja ya ghorofa, imejengwa kabla ya vita na watu waliodhani umeme hauishi. Upande wake wote wa magharibi ulikuwa kioo, toka usawa wa meza mpaka darini. Walitegemea grupu, ile jenereta yao, iendeshe feni na mashine za baridi. Mazutu yalipokatika grupu ikanyamaza, na ofisi ikawa tanuri la mikate. Baada ya chakula cha mchana wafanyakazi wa juu walikuwa wanabeba viti kwenda kukaa koridoni. Waliweka mapazia, mapazia yakazuia hewa, yakazuia na mwanga, ikawa watu wanawasha taa saa ya jua kali.

Enjenyeri alituambia dawa yake akiwa amekaa juu ya gogo uani kwetu, mimi nikimmiminia chai. Alisema jua lizuiliwe nje ya kioo, siyo ndani. Likishapita kioo limeshaingia nyumbani, hata ukilifunika na pazia joto lake limebaki nawe. Halafu akasema kizuizi kisikae mahali pamoja, kwa sababu jua nalo halikai mahali pamoja. Akachora vibao virefu vilivyosimama wima nje ya dirisha, kama kurasa za kitabu, kila kibao kikizunguka juu ya pini ya chuma, juu moja na chini moja. Vyote vinashikwa na fimbo moja. Mtu aliye ndani akisukuma fimbo, vibao vyote vinageuka pamoja. Asubuhi vinakuwa wazi kabisa, hewa inaingia. Jua likihamia upande ule, vinageuzwa kidogo, kidogo tena, hadi jioni. Upande wa ndani vinapakwa rangi nyeupe ili mwanga uruke uingie darini, mtu asome karatasi bila taa na bila jua kumpiga. Niliona ni jambo zuri. Mimi shule yangu ilikuwa ya chuoni tu, kusoma Kurani na kuandika kidogo, lakini hilo nilielewa, maana mama yeyote aliyewahi kukausha samaki anajua kivuli hakingojei mtu.

Enjenyeri akaacha mchoro wake, karatasi kubwa yenye mshale pembeni wa kuonyesha kaskazini, na baada ya muda mfupi akaondoka nchini kama walivyoondoka wengi. Mume wangu akabaki peke yake na kazi.

Alianza na fremu ya kujaribia, kubwa kama mlango, yenye vibao vichache na fimbo yake. Aliisimamisha uani sambamba na ule ukuta wetu wa ubavuni, uso ukitazama magharibi, kama lilivyokuwa dirisha la kule. Kilikuwa kiangazi, jua limeegemea kaskazini. Kila ilipofika adhuhuri aliketi nyuma ya fremu akageuza vibao mpaka mstari wa mwisho wa jua ukafa juu ya magoti yake. Hapo akatia alama ya chaki kwenye fimbo, kisha akakata jino pale, pengo dogo, fimbo ikifika ikamate. Alasiri vilevile. Aliona kwamba kuanzia alasiri jua linakwenda linashuka kushoto kwake, basi mdomo wa vibao akaufungua kulia, hewa ipite huko. Jino lililofuata lilikuwa la kufunga kabisa.

Mama mkwe wangu alikuwa akimtazama toka kizingitini na kikapu chake cha maharage. Siku moja akamwambia, "Wenzako wanajificha risasi, we unajificha jua."

"Na we mama unajificha nini hapo mlangoni?"

"Najificha aibu ya mtoto niliyemzaa. Hama kidogo, unaniharibia kivuli changu."

Tulicheka. Siku zile kicheko kilikuwa hakikai muda mrefu. Usiku tulisikia milio upande wa vilima, asubuhi tukaamkia kuuliza ni wapi.

Mbao zilipokuwa tayari zilipanda lori, mume wangu akaenda nazo Muyinga katika msafara wa magari uliosindikizwa na askari. Akakaa huko kufunga vibao na kuwafundisha watu kuisukuma fimbo. Fremu ya kujaribia ilibaki uani. Nilianikia nguo juu yake.

Habari aliniletea Mhindi mwenye duka la vitambaa, jirani yetu wa siku zote, ambaye lori lake lilikuwa likienda Muyinga kila msafara ulipopatikana. Aliniita nyuma ya kaunta, akaniambia nikae. Akasema, "Dada yangu, mume wako yuko hai. Anza na hilo." Ndipo akanieleza yale dereva wake aliyoyasikia.

Risasi ilikuwa imepigwa kutoka kilima kilicho mbele ya ile ofisi. Ilipita katikati ya vibao viwili bila kugusa ubao, ikatoboa kioo, ikaingia kwenye kabati nyuma ya kiti cha mkubwa. Mkubwa alikuwa ametoka kwenda kunawa. Aliporudi akaona tundu, na akaona jambo jingine. Tangu vibao vifungwe, kila siku saa za alasiri, wakati fimbo iko kwenye jino lake, mstari wa jua ulikuwa unaingia na kulala mezani kwake. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuzuia jua, na jua lilikuwa linaingia. Alikuwa amelalamika kidogo, mume wangu akawa anatafuta kosa bila kuliona. Sasa risasi imefuata njia ileile ya jua. Mkubwa akasema huyu fundi hakukosea. Huyu ametumwa aniachie mlango watu wa kilimani wanione.

Alimfungia stoo, chini ya ngazi. Gari la jeshi lililokuwa likipita kuchukua watu lingempeleka kwenye kambi. Waliochukuliwa na gari lile tulikuwa tumeacha kuulizia habari zao.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alitaka aende yeye. Mama mkwe akakataa. Alisema kwenye bariyeri, vile vizuizi vya askari barabarani, mwanamume wanamwona bunduki, mwanamke wanamwona mzigo. "Aende mzigo," akasema, na akaingia chumbani, hakutoka kuniaga. Nilimsikia tu anasoma dua kwa sauti ya juu, kama mtu anayegombana.

Nilichukua ile fremu. Kifaransa sikuwa nacho, na barua ya mtu mkubwa sikuwa nayo. Nilijua jambo moja: uani kwetu nimekaa nyuma ya vibao vile saa ya alasiri nikichambua mchele, na hakuna jua lililonigusa. Nikasema nitakwenda nimwonyeshe mkubwa kwamba kitu hiki kinafanya kazi, mume wangu si mtu wa hila. Dereva wa Mhindi aliifunga fremu juu ya marobota ya vitambaa, mimi nikakaa mbele, katikati yake na dirisha.

Karuzi tulisimamishwa. Askari kijana alikuja akitafuna muwa, akazunguka lori, akaamuru fremu ishushwe.

"We mama, hiyo iko nini?"

"Iko dirisha."

"Dirisha bila nyumba?"

"Nyumba yake iko Muyinga."

Akaisimamisha, akaenda upande wa pili. Alikuwa akisukuma fimbo na kuivuta, vibao vinafunguka, vinafunga. Kila vikifunguka naliona jicho lake moja. Akavisimamisha nusu, akainama, akatazama huku na huku mpaka akanipata.

"Ego," akasema, ndiyo ya Kirundi. "Mi nakuona, we hunioni vizuri. Iko kazi nzuri kwa mtu wa kulenga shabaha."

Wenzake wakacheka. Akatema kapi la muwa, akairudisha kwenye lori mwenyewe, akatupungia mkono tupite. Toka pale mpaka Muyinga dereva aliongea, na mimi sikusikia hata neno lake moja. Nilikuwa nadhani mkubwa ni mtu aliyechanganyikiwa na hofu, nitamtuliza. Sasa mtoto wa watu asiyemjua mkubwa wala mume wangu ameshika ile fremu kidogo tu, na ameona jambo lilelile.

Tulifika kabla ya adhuhuri. Zamu wa langoni alikuwa mzee mwenye kofia ya kufuma na koti la jeshi lililokatwa mikono. Alinipa salamu ya Kiislamu, nikaitikia, na alipojua mimi ni nani akatazama chini. Alinipitisha nyuma, mpaka kwenye mlango wa stoo. Askari aliyekuwa pale alimwita mzee baba, akageuza uso wake ukutani, akatuachia nafasi.

Mlango haukufunguliwa. Nikasema mimi hapa. Mume wangu akauliza kama mama yake yuko hai. Nikamwambia yuko, anatukana watu vizuri. Akaniambia amepitia kazi yote kichwani, jino kwa jino. Pini ziko sawa, nafasi kati ya vibao ni ileile, fimbo haijapinda.

"Kwetu jua lilikuwa halipiti," akasema.

"Nimeleta fremu."

"Umeileta huku?" Nikasikia akihema. "Basi iweke vizuri. Iweke kama lilivyo dirisha lao, sambamba na ukuta. Jino la alasiri. Aone mwenyewe."

Nikangoja kwenye ngazi. Mkubwa alishuka watu walipokuwa wamerudi kutoka kula. Nilikuwa nimemtengenezea sura kichwani njia nzima, mtu mnene wa kupiga kelele. Alikuwa mwembamba, shati lake kola imechakaa, macho mekundu ya mtu asiyelala. Nilikuja kujua baadaye alikuwa amezika ndugu zake mwaka uliotangulia, nikasema kumbe. Alinisalimia kwa adabu. Aliniambia hana ugomvi na mimi, nirudi kwa watoto wangu.

Nikamwambia, "Mkubwa, nitarudi. Lakini kwanza tazama kitu hiki dakika chache jua likifika."

Alikubali, sijui kwa nini. Labda kwa kuwa aliona nimebeba mlango toka Gitega. Tukatoka uani upande wa magharibi, chini ya yale madirisha. Zamu alinisaidia kuisimamisha fremu, sambamba na ukuta wa ofisi, na wafanyakazi wa juu wakachungulia kati ya vibao. Nikaisukuma fimbo mpaka ikakamata kwenye jino la alasiri. Mkubwa akasimama nyuma ya fremu, pale ambapo mimi nilikuwa nachambua mchele.

Jua likapita. Lilipita kulia, kati ya kibao na kibao, mistari myembamba iliyonyooka, na mmoja ukalala juu ya viatu vya mkubwa.

Nilisukuma fimbo nikaitoa kwenye jino nikairudisha. Mistari ikaondoka, ikarudi palepale. Nikapapasa vibao nikidhani vimelegea njiani. Havikulegea.

"Umetoka Gitega," mkubwa akasema taratibu, "kuja kunionyesha kitu hikihiki."

Mkubwa akamwambia askari gari likija yeye asiitwe, wamchukue fundi tu. Kisha akageuka, lakini hakuondoka mara moja, akabaki anatazama viatu vyake na ule mstari. Nadhani hata yeye alikuwa na sehemu moja ya moyo iliyotaka nifaulu.

Adhana ya alasiri ikasikika toka msikiti wa mjini. Zamu alikuwa na mkeka wake umekunjwa kwenye pembe ya ukuta. Akautandika palepale uani, hatua chache toka kwa fremu, akavua viatu. Na mimi, mume wangu anakwenda kuchukuliwa, nikaona jambo ambalo mwanamke yeyote wa nyumba yetu angeliona: mkeka umepinda. Haukulala sawa na ukuta. Kichwa chake kilikuwa kinausogelea ukuta, na sehemu ya miguu iko mbali nao. Toka nimeolewa nimetandika mikeka ya nyumba nzima, na sijawahi kuuacha mkeka ukilala hivyo.

Nikamwambia, kwa sauti ya chini, "Mzee, mkeka wako umepinda."

"Mkeka haujapinda, mwanangu," akasema. "Ukuta ndio umepinda. Hawa hawakujenga kwa kibla." Akafunga mikono akaingia katika sala.

Nilisimama pale. Nilitazama mkeka, nikatazama ukuta, nikatazama fremu niliyoiweka sambamba na ukuta kama nilivyoambiwa. Uani kwetu fremu ilikuwa sambamba na ukuta pia. Ukuta wa baba mkwe. Ukuta uliofuata mkeka.

"Mkubwa," nikasema, "naomba uningoje huyu mzee amalize sala."

"Kwa nini?"

"Sitaki kupita mbele ya mtu anayesali. Na nataka kuihamisha fremu, iwe pale alipo."

Akangoja. Sijui kama kuna rakaa nne zilizowahi kuwa ndefu kama zile. Barabarani magari yalikuwa yakipita na kila moja nililisikia kwamba linakata kona kuja kwetu. Zamu alitoa salamu kulia, akatoa kushoto, akabaki ameketi na vidole vyake anahesabu tasbihi, na mimi sikuthubutu kumharakisha. Alipokohoa nikamwomba auache mkeka palepale. Tukaibeba fremu sote wawili, tukaisimamisha sambamba na mkeka, mguu kwa mguu, kichwa kwa kichwa. Jino lilikuwa lilelile. Fimbo sikuigusa.

Nyuma ya fremu pakawa kivuli kitupu. Hapakuwa na mstari hata mmoja.

Mkubwa alikuja akaisukuma fremu mwenyewe mpaka ikawa sambamba na ukuta wa ofisi. Jua likapita. Akairudisha kwenye mkeka. Likafa. Akafanya tena hivyo, huku na huku, kama mtu anayefungua na kufunga mlango akitafuta unakolia. Halafu akasema fundi aletwe.

Mume wangu alitoka akikinga macho kwa mkono, ndevu zimeota, magoti yana vumbi la saruji. Hatukushikana. Nilimwonyesha mkeka tu kwa kidole, kisha ukuta. Alisimama akatazama. Akapiga magoti, akaweka kiganja chini kati ya mkeka na ukuta, pale panapopanuka, kama mtu anayepima kitambaa. Ndipo akakaa kitako kabisa, mbele ya watu wote.

"Nilichukua ukuta wa baba," akasema.

Mkubwa akamtaka aseme maneno ya kueleweka. Mume wangu akaeleza. Kibla iko upande wa kaskazini, lakini siyo kaskazini yenyewe, imeinama kidogo kule jua linakochomoza. Ofisi hii imejengwa kufuata kaskazini ya mshale wa karatasi. Nyumba yetu imejengwa kufuata mkeka. Yeye alipima jua kwenye ukuta wa nyumba yetu akidhani ni kitu kimoja, akalikata kila jino kwa jua la ukuta ule. Vibao hivi vinakinga jua vizuri kabisa, ila ofisi nzima ingebidi igeuzwe ielekee kibla.

"Nani alikuambia kibla ni kaskazini?"

"Hakuna aliyeniambia, mkubwa. Nilizaliwa humo."

Mmoja wa wale wa dirishani alicheka, akanyamaza haraka. Mkubwa alitazama juu kwenye vibao, kisha kilima cha mbele, migomba na nyumba zake chache na moshi mmoja. Alitazama muda mrefu. Mume wangu, akiwa bado ameketi chini, akaanza kusema anaweza kurekebisha. Atakata jino jipya nyuma ya lile la zamani, ataufungua mdomo wa vibao upande wa kushoto miezi hii ya kiangazi, na jua likihamia kusini watahamisha pini. Asubuhi moja tu ya kazi. Alikuwa anaongea haraka, mikono inachora hewani, na nilimwona amesahau kwamba yuko kwenye hatari. Alikuwa amelipata kosa lake na alitaka kulitengeneza, hakuna zaidi.

"Nimeamini hukufanya makusudi," mkubwa akasema. "Lakini risasi haiulizi makusudi. Zifunge hizo mbao."

"Jino la mwisho lipo, mkubwa. Ukisukuma zinafunga."

"Na kesho mtu atazisukuma zifunguke. Zipige misumari."

Mume wangu akamtazama. "Zote?"

"Upande wote. Sasa hivi. Ukimaliza, uende kwenu na mke wako."

Walimrudishia nyundo yake na kopo la misumari. Tulipanda ngazi, mimi nyuma yake, maana nilikataa kubaki chini na hakuna aliyenikataza. Chumba cha kwanza kilikuwa cha masekretere. Akapanda juu ya kiti, akaisukuma fimbo hadi mwisho, vibao vikagonga kimoja juu ya kingine, na chumba kikapoteza rangi. Alikuwa akipenyeza mkono nje kwenye kioo kilichofunguliwa, akipiga kila kibao kwenye jirani yake. Misumari aliishika mdomoni, kama maseremala wote wanavyofanya, akaitoa mmoja mmoja. Mimi nilimshika miguu. Masekretere walivuta mashine zao karibu na mlango. Mmoja akawasha taa ya kandili, na moshi wa ile taa ukakosa pa kwenda. Kufikia chumba cha tatu sote tulikuwa tunatota jasho. Hakuna aliyelalamika. Walikuwa wameliona lile tundu kwenye kabati.

Tulikuwa chumba cha mkubwa mwenyewe niliposikia gari. Lile halikupita. Lilikata kona, mawe ya uani yakalia, milango ikafungwa, na viatu vikapanda ngazi. Mkubwa alikuwa amekaa kwenye kiti chake, ukutani sasa, si pale katikati. Askari wawili wakasimama mlangoni, na mkuu wao mbele. Akauliza yuko wapi yule mtu wa stoo.

Mume wangu alikuwa juu ya kiti, mgongo kwao, mdomo umejaa misumari. Hakugeuka. Niliibana miguu yake kwa nguvu zangu zote, nikidhani nikiilegeza ataanguka na watamwokota.

Mkubwa aliutazama mgongo wa mume wangu. Taa yake ilikuwa mezani, inamwangaza upande mmoja wa uso. Yule mkuu wa askari akatazama vibao vilivyofungwa, akatazama tundu la kabati, akanitazama na mimi.

"Stoo haina mtu," mkubwa akasema. "Huyo unayemwona ni fundi. Yuko kazini."

"Fundi gani?"

"Wa misumari."

Mkuu wa askari akangoja kidogo, labda mume wangu aseme kitu. Angesema nini na mdomo ule? Alichukua msumari mmoja, akauweka, akapiga. Akapiga tena. Nyuma yetu viatu vikashuka ngazi, taratibu, na gari likawashwa, likakaa linanguruma pale uani, kisha likaondoka kuelekea mjini.

Mume wangu alimalizia safu ile yote. Kibao cha mwisho kilipofungwa hapakuwa na mwanga tena isipokuwa ule wa taa, na hewa ilikuwa ya moto na ya mafuta, unaivuta kama uji. Nikamwambia shuka, imekwisha. Alishuka akasimama mbele yangu, nyundo mkononi, midomo bado imebana misumari iliyobaki. Nikamwambia itoe. Alinitazama tu, unadhani ameshasahau mdomo unafunguliwa vipi. Nikakinga kiganja changu chini ya kidevu chake, nikangoja, naye akaiachia mmoja mmoja, ya moto, imelowa mate.